Superman Alishinda au Alidoda? Ugumu wa Kubashiri Mapato ya Filamu za Mashujaa

Mwezi Julai 2025 Superman, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na James Gunn, iliingiza dola milioni 125 nchini Marekani na Kanada katika wikiendi yake ya kwanza. Ubishi ukaanza papo hapo. Kundi moja la mashabiki lilitangaza kwamba DC imefufuka. Kundi jingine likatoa kikokotoo: Man of Steel ya mwaka 2013, yenye shujaa huyohuyo, ilivuna takriban dola milioni 670 duniani kote, ilhali hii mpya ilikuja kuishia karibu milioni 616, tena baada ya miaka 12 ya kupanda kwa bei za tiketi. Bajeti iliyotajwa kwa filamu zote mbili ni ileile, dola milioni 225. Wenye mali, Warner Bros., walikuwa wanapongezana.

Msomaji wa habari za burudani ana haki ya kuchanganyikiwa. Kila filamu kubwa ya mashujaa hutanguliwa na wiki kadhaa za ubashiri, namba zikatofautiana kwa makumi ya mamilioni, kisha matokeo yakitoka kila mtu hudai alijua tangu mwanzo. Hata hivyo, nyuma ya kelele hizo kuna swali halali, na lina pesa nyingi ndani yake: je, inawezekana kujua mapema kama filamu iliyogharimu robo bilioni ya dola itauza au itadoda?

Maswali matatu yanayochanganywa

Sehemu kubwa ya ubishi hutokana na watu kujibu maswali tofauti wakidhani wanajibu moja.

La kwanza ni la wikiendi ya kwanza: watu wangapi watafika kati ya Ijumaa na Jumapili? Hawa huvutwa na matangazo, trela, jina la shujaa na hamu iliyojengwa na filamu zilizotangulia. Hawajaiona filamu yenyewe. La pili ni la uhai wake: ikishaonekana, itaendelea kuuza kwa wiki ngapi? Hapa matangazo hayana nguvu tena, wanaoamua ni waliotoka ukumbini na wanachowaambia jamaa zao.

Tofauti kati ya maswali hayo mawili inaonekana wazi katika filamu mbili za studio moja. Batman v Superman ya Machi 2016 ilifungua kwa dola milioni 166 Marekani na kuishia milioni 330, yaani mara mbili tu ya mwanzo wake. Wikiendi ya pili peke yake mauzo yaliporomoka kwa asilimia 69. Aquaman ya Desemba 2018 ilifungua kwa milioni 68 hivi, ikafika milioni 335. Nyumbani zilimaliza karibu sawa. Mbashiri aliyetazama mwanzo peke yake angeiita ya kwanza mfalme na ya pili mgonjwa, na duniani kote Aquaman ilipita dola bilioni 1.1 wakati mwenzake aliishia takriban milioni 873.

Swali la tatu ni la faida, nalo ndilo linalofichwa zaidi. Kati ya kila dola inayolipwa dirishani, studio hubaki na takriban nusu nchini Marekani, pungufu ya hapo nchi nyingi za nje, na karibu robo tu China. Gharama za matangazo ya filamu kubwa hupita dola milioni 100 na hazimo ndani ya bajeti inayotangazwa. Ndiyo maana watu wa biashara hiyo hutumia kipimo cha haraka kwamba filamu irudishe mara mbili na nusu ya bajeti yake kabla haijaanza kuitwa ya faida. Ni kipimo cha kukadiria tu, kwa kuwa hakihesabu mauzo ya midoli, haki za televisheni wala usajili wa huduma za mtandaoni.

Kwa vipimo hivyo ubishi wa Superman unapungua ukali. Nyumbani iliipita Man of Steel kwa mbali, dola milioni 354 dhidi ya 291. Nje ya Marekani ilipitwa kwa zaidi ya milioni 100. Dola ya Marekani humfikia mwenye filamu ikiwa nene kuliko dola ya China, hivyo jumla ndogo inaweza kubeba pato lisilo dogo. Kila upande ulikuwa na namba sahihi mkononi.

Wanaosoma historia

Mbinu ya kale kuliko zote ni kulinganisha. Mchambuzi hutafuta filamu zinazofanana na hiyo mpya, anaangalia msimu, idadi ya kumbi na washindani wa wiki hiyo, kisha anaongeza hapa na kupunguza pale. Spider-Man ya 2002 ilipokuwa filamu ya kwanza kuvuka dola milioni 100 ndani ya siku tatu, iliwapa wachambuzi kipimo walichokitumia kwa muongo mzima. Mbinu hii huenda vizuri pale mfululizo unapokuwa na afya. Kuanzia Iron Man (2008) hadi Avengers: Endgame (2019), Marvel ilitoa filamu 22, na kila moja ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika wikiendi yake ya kwanza. Mtu aliyebashiri ushindi kila mara hakukosea hata siku moja.

Kasoro ya historia ni kwamba inakumbuka yale tu yaliyowahi kutengenezwa. Mwaka 2014 Ike Perlmutter, bosi wa Marvel Entertainment, alimwandikia barua pepe mkuu wa Sony akiorodhesha filamu za mashujaa wa kike zilizoanguka, zikiwemo Catwoman, Elektra na Supergirl. Barua hiyo ilijulikana baada ya mitambo ya Sony kudukuliwa mwaka huohuo. Orodha ilikuwa ya kweli. Catwoman ilikusanya dola milioni 82 tu duniani. Lakini filamu tatu mbovu hazikuwa ushahidi juu ya wanawake, zilikuwa ushahidi juu ya ubovu. Wonder Woman (2017) ilivuna dola milioni 822, na Captain Marvel (2019) ikavuka bilioni 1.1. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, aliandika baadaye kwamba ilimbidi aamuru ofisi ya Marvel ya New York iache kuweka vikwazo mbele ya Black Panther na Captain Marvel.

Historia hukosea upande wa pili pia. Aliyetazama bilioni ya Captain Marvel angetarajia mengi kwa The Marvels ya Novemba 2023. Ilifungua kwa dola milioni 46, chini kuliko filamu yoyote ya Marvel Studios kabla yake, na kuishia karibu milioni 206 duniani. Sababu zilirundikana. Filamu ya kwanza ilitoka wiki saba tu kabla ya Endgame, ikafaidi joto lisilokuwa lake. Ya pili ilikuja baada ya Disney kumwaga mifululizo ya televisheni bila kupumzika, na wawili kati ya mashujaa wake watatu walikuwa wamejengwa huko, katika WandaVision na Ms. Marvel. Asiyeitazama alijiona kama amealikwa katikati ya hadithi. Juu ya hayo, mgomo wa waigizaji wa Marekani ulikwisha siku moja tu kabla ya filamu kutoka, kwa hiyo nyota wake hawakupata nafasi ya kuitangaza.

Mfano unaoumiza zaidi kambi hii ni wa Joker. Filamu ya kwanza, 2019, iligharimu kati ya dola milioni 55 na 70 na kuingiza zaidi ya bilioni moja. Ikamletea Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar. Ya pili, Oktoba 2024, ilikuwa na mwongozaji yuleyule, Todd Phillips, mwigizaji yuleyule, mhusika yuleyule, na kuongezewa Lady Gaga. Bajeti ilipanda hadi karibu milioni 200. Kila kigezo ambacho mchambuzi wa historia angekihesabu kilikuwa kimeboreshwa. Ilipata takriban milioni 207 duniani kote.

Wanaouliza watu

Kambi ya pili haiamini yaliyopita, inaamini dodoso. Kampuni ya National Research Group, iliyoanzishwa 1978, ndiyo iliyoifanya kazi hii kuwa taaluma. Wiki kadhaa kabla ya filamu kutoka, watu huulizwa: umeisikia? Una hamu ya hakika ya kuiona? Kati ya zote zinazokuja, ni chaguo lako la kwanza? Siku hizi huongezwa takwimu za tiketi zinazonunuliwa mapema mtandaoni. Baada ya filamu kutoka huja kura nyingine, ya CinemaScore, ambayo huwapa watazamaji wa siku ya kwanza kadi ya kuipa filamu alama kuanzia A+ hadi F.

Ubora wa njia hii ni ukaribu wake na tukio. Udhaifu wake ni kwamba huwauliza zaidi wale wanaojulikana kuwa wateja. Deadpool ya 2016, iliyogharimu dola milioni 58, ilifungua kwa milioni 132, mbali sana na makadirio ya studio yenyewe.

Black Panther ni funzo kubwa zaidi. Wiki tatu kabla ya kutoka kwake Februari 2018, makadirio yalitaja dola milioni 100 hadi 120. Ikaja kuingiza milioni 202 kwa siku tatu. Kura za ukumbini zilionyesha kuwa Wamarekani weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya watazamaji wa wikiendi ile, zaidi ya mara mbili ya sehemu yao ya kawaida katika filamu za aina hiyo. Wapo waliokuja kwa vikundi vya makanisa na shule, na wapo ambao hawakuwa wateja wa Marvel kabisa. Dodoso linalomtafuta shabiki wa vitabu vya katuni lingempata wapi mtu wa namna hii?

Kura za kabla zina adui mwingine ndani ya nyumba. Studio hupenda kuvujisha makadirio ya chini ili matokeo ya kawaida yaandikwe kama muujiza. Na hupenda kusifia mapema: katika mkutano wa wamiliki wa kumbi, CinemaCon, Aprili 2023, The Flash ilionyeshwa miezi miwili kabla ya kutoka, na wakubwa wa Warner waliimwagia sifa za kupindukia. Ilifungua kwa dola milioni 55 na kuishia takriban 271 duniani, kwa bajeti isiyopungua milioni 200.

Alama za CinemaScore, kwa upande wake, hueleza mengi kuhusu maporomoko. Joker ya pili ilipewa D, alama ya aibu ambayo filamu kubwa huipata kwa nadra sana, na wikiendi ya pili ikapoteza karibu asilimia 81. Alama nzuri hazina uhakika wa namna hiyo. Julai 2025 Superman na The Fantastic Four: First Steps zote zilipewa A-. Ya kwanza ilishuka kwa zaidi kidogo ya nusu katika wikiendi ya pili, ya pili ikashuka kwa theluthi mbili. Superman pia iliwekwa kwenye mauzo ya kidijitali siku 35 tu baada ya kufunguliwa, jambo ambalo miaka kumi iliyopita halikufikirika. Mtazamaji anayejua kuwa atakodi filamu sebuleni baada ya wiki tano hana haraka, hivyo hesabu za uhai wa filamu za zamani hazihamishiki kirahisi kwenye za sasa.

Mashine na kelele za mtandaoni

Kambi ya tatu ina matumaini makubwa na takwimu nyingi. Mwaka 2010 watafiti wa maabara za HP, Sitaram Asur na Bernardo Huberman, walitumia karibu ujumbe milioni tatu wa Twitter kuhusu filamu 24 na kuonyesha kuwa kasi ya mazungumzo ilibashiri wikiendi ya kwanza vizuri kuliko soko la ubashiri la Hollywood Stock Exchange. Mwaka 2013 Google ilidai kuwa utafutaji wa trela mwezi mmoja kabla, ukichanganywa na msimu na umaarufu wa mfululizo, unaeleza asilimia 94 ya tofauti za mapato ya mwanzo. Januari 2020 Warner Bros. ilitia saini na kampuni ya Cinelytic kutumia mfumo wake wa akili unde katika kupima miradi. Ajabu ni kwamba The Flash, Shazam! Fury of the Gods na Joker ya pili zote zilitoka baada ya hapo zikadoda, ingawa haki itendeke: programu ya kukadiria haiandiki mswada, na wakubwa hawalazimiki kuifuata.

Tatizo la msingi ni kwamba mtandao hupima sauti, haupimi nauli ya kwenda ukumbini. Morbius ya Aprili 2022 iligeuzwa kichekesho duniani kote. Watu walitunga maneno ya mzaha kuihusu kwa wiki kadhaa, jina lake likavuma kila siku. Sony ikaona shauku. Juni mwaka huo ikairudisha kwenye kumbi zaidi ya 1,000 za Marekani. Wikiendi nzima ilipata kama dola laki tatu.

Wanaosema haiwezekani

Mwandishi wa miswada William Goldman alishikilia mwaka 1983 kwamba Hollywood nzima hubahatisha. Ilichukuliwa kama utani wa mtu wa ndani mpaka wachumi Arthur De Vany na David Walls walipochambua takriban filamu 2,000 na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Walikuta kuwa filamu chache mno hubeba mapato mengi, na kwamba tofauti ni kubwa kiasi cha kuufanya wastani usiwe na msaada. Nyota mkubwa huipatia filamu kumbi nyingi za kuanzia, hahakikishi kitu baada ya hapo.

Serikali ya Marekani yenyewe iliwahi kuliona soko la ubashiri huu kuwa la hatari. Mwaka 2010, muda mfupi baada ya kampuni mbili kuruhusiwa kuuza mikataba ya kubashiri mapato ya filamu, Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo kwa kuiongeza kwenye sheria ya 1958 inayokataza mikataba ya aina hiyo kwa vitunguu. Vitunguu na filamu, basi, vinakaa kifungu kimoja.

Kambi hii ina hoja nzito lakini inavuka mpaka. De Vany na Walls walichunguza filamu za kila aina, kubwa na ndogo. Filamu 22 za Marvel zilizoongoza kila mara si bahati ya kete. Kuna vipindi ambapo aina fulani ya filamu hutabirika sana, na kosa ni kudhani kipindi hicho hakina mwisho.

Upande usiohesabika vizuri: nje ya Marekani

Mbinu zote zilizotajwa zimejengwa juu ya mtazamaji wa Marekani, na hapo ndipo hesabu za dunia huharibika. Endgame ilipata zaidi ya dola milioni 600 China peke yake. Baada ya katikati ya 2019, milango ya nchi hiyo ilifungwa kwa filamu za Marvel Studios hadi Februari 2023, na hakuna dodoso lililoweza kusema lini itafunguliwa. Ilipofunguliwa, mtazamaji wa China alikuwa amepata filamu zake mwenyewe. Ne Zha 2 ya 2025, filamu ya katuni ya Kichina, ilivuka dola bilioni 1.9, karibu zote kutoka nyumbani. Urusi nayo ilitoka kwenye vitabu vya Hollywood baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022.

Afrika Mashariki huonekana kidogo sana katika hesabu hizi, na si kwa kukosa watazamaji. Anayetazama kwenye kibanda umiza cha Dar es Salaam, filamu ikisimuliwa kwa Kiswahili na DJ, hayumo katika takwimu za studio yoyote.

Mizani

Ukipima kambi zote, jibu hutofautiana kwa kila swali. Wikiendi ya kwanza hubashirika kwa kiasi cha kuridhisha wiki mbili tatu kabla, hasa kwa mwendelezo wa filamu maarufu, na makosa makubwa hutokea pale watazamaji wapya wanapojitokeza au wa zamani wanapochoka. Uhai wa filamu hubashirika baada ya Jumapili ya kwanza, si kabla. Faida haibashiriki kwa maana yoyote ya maana wakati inapohitajika kujulikana.

Wakati huo ndio kiini cha mambo. Oktoba 2014, ndani ya mwezi mmoja, Warner Bros. na Marvel walitangaza orodha za filamu zao za miaka iliyofuata. Katika orodha ya Warner, The Flash ilipangiwa 2018, ikatoka 2023. Cyborg na Green Lantern hazikutoka kabisa. Marvel nao walitangaza Inhumans, ambayo iliishia kwenye televisheni, na Black Panther, ambayo hakuna aliyeitajia bilioni. Maamuzi ya kutoa mamia ya mamilioni hufanywa miaka kabla ya dodoso la kwanza. Ubashiri unaosomwa magazetini huja pesa zikiwa zimeshatumika, ukamsaidia mtu wa matangazo na mwenye ukumbi, si aliyeidhinisha bajeti.

Kwa hiyo namba pekee ambayo studio inaitawala mapema ni gharama. Ubashiri wa Deadpool ulikosea vibaya, lakini kwa bajeti ya milioni 58 hakuna aliyeweza kuumia sana hata kama ungekosea upande wa pili. Joker ya kwanza ilikuwa na kinga hiyohiyo. Joker ya pili ilivuliwa kinga hiyo kwa sababu watu waliamini wameshajua mteja anataka nini. Thunderbolts* ya 2025 ilisifiwa na wahakiki, ikapata A- ya watazamaji na dola milioni 382 duniani, mapato ambayo yangeifanya filamu ya milioni 80 kuwa shangwe. Tatizo lake ni kwamba iliripotiwa kugharimu zaidi ya mara mbili ya hizo.

Waandishi wa burudani wangemsaidia msomaji zaidi kama kila habari ya ubashiri ingeanza na vitu viwili: filamu imegharimu kiasi gani, na namba inayotajwa ni ya wikiendi, ya uhai wote, au ya faida. Habari isiyosema hayo ni tangazo la studio, na isomwe hivyo.